Nani Anaosha Vikombe?

Nyumbani, tarehe 4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Umekaa? Haya. Nimechaguliwa!

Si unaikumbuka klabu yetu ya vijana, ile ya sungura na miche, ambayo baba alikuwa akiiita chama cha wavivu? Basi ule mpango unaotusimamia umetaka kijana mmoja kutoka kila klabu aende mafunzo ya uongozi. Bwana shamba alikuja, akatukusanya bandani, akasema, "Anayekwenda ni mwenyekiti wenu." Mwenyekiti si ni mimi? Nilipiga kelele mpaka sungura wakajificha. Na sikia sasa wanakotupeleka: kwenye chuo chako! Chuo hicho hicho ambako wewe ni matroni.

Baba hatembei siku hizi, anaelea. Kila anayekutana naye njiani anamsimamisha: "Binti yangu anakwenda chuoni, na matroni wa huko ni dada yangu, tumbo moja." Watu wameanza kumkwepa.

Ila Shangazi, nikuambie kilicho moyoni. Mwisho wa mafunzo watateua mmoja wetu, mmoja tu, asomeshwe cheti cha ugani hapo hapo chuoni, nyumbani wasitoe kitu. Unajua hali yangu. Tangu nimalize kidato cha nne niko hapa, wenzangu wameolewa, wengine wameondoka, mimi nasafisha banda. Nafasi hii ikinipita sioni nyingine. Bwana shamba anasema wanachotafuta ni mtu anayeweza kusimama mbele ya watu akasema bila kutetemeka. Na mimi kusema ulinifundisha wewe, uliponisimamisha juu ya ndoo iliyopinduliwa pale uani nikawatangazie kuku habari.

Nikifika usinipendelee mbele ya wenzangu. Godoro zuri tu linatosha.

Mwanao,
Kasuku


Mjini, tarehe 13 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikamsomea na jirani yangu wa chumba cha pili ambaye wala hakuomba. Hongera, hongera, hongera. Ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni nikuzungushe kijiji kizima, na ulivyo mzito hivyo.

Sasa nisikilize. Kwa bahati mbaya sitakuwepo. Chuo kina tawi jingine, mbali huko, na wakati wa mafunzo yenu mimi ndiye ninayepelekwa. Kazi ya umatroni ndivyo ilivyo, leo hapa kesho kule. Kwa hiyo ukifika usihangaike kuniulizia. Usiwaulize wapishi, usiwaulize walinzi, usimuulize mtu. Watu wa pale wana midomo, na wakijua una ndugu ofisini watasema umebebwa. Unataka waseme umebebwa? Hutaki.

Chukua shuka mbili, na kandambili za kuogea, maana sakafu ya bafuni inateleza. Ukipewa nafasi ya kusema, simama kama ulivyokuwa ukisimama juu ya ndoo. Sema na wale wa nyuma kabisa, wa mbele watasikia tu.

Mwandiko unisamehe, vidole vimechanika. Hii sabuni ya siku hizi ni moto mtupu. Sabuni ya kunawia, nasema, hapa ofisini.

Mwambie kaka apunguze maneno. Matroni si waziri.

Anayejivunia wewe,
Shangazi


Chuoni, tarehe 20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo huko tawini. Sijui barua hii utaikuta lini, natuma kwenye anwani ya chumbani kwako kama kawaida. Ukirudi itakusubiri.

Hapa ni raha na mateso. Bweni letu lina vitanda vya ghorofa na mimi nimepewa cha juu, kila nikigeuka wa chini anasali. Asubuhi tunajifunza kuendesha mikutano, kugawana kazi, kumaliza ugomvi ndani ya kikundi. Mchana tunafanya mazoezi ya kusema. Mkufunzi wetu ni kijana mwenye suruali fupi na maneno marefu. Anasema, "Kiongozi ni yule anayesema ukweli hadharani, hata kama unamuuma mtu." Ameniteua niongoze kikundi chetu. Jana alisema nina sauti ya mtu aliyezaliwa na kipaza. Nikakukumbuka wewe na kuku wako.

Kuna matroni hapa, mama mrefu, mpole, na anasema yupo tangu chuo kinajengwa. Nikajisemea labda mko wawili. Sikumuuliza, kama ulivyoniagiza.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Kila kikundi kitasimama mbele ya mkuu wa chuo na wafanyakazi wote, kitoe maoni yake juu ya chuo bila woga, na hilo ndilo zoezi watakalotumia kumteua yule mmoja. Wenzangu walitaka tuseme mambo ya kubembeleza, asante kwa hili, asante kwa lile. Nikawaambia, huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tuseme lililo kweli. Na kweli yenyewe ni vikombe. Shangazi, vikombe vya hapa vina mafuta! Chai ukiitazama unaona macho juu yake. Tumevumilia tangu tufike. Kesho nitalisema hilo mbele ya wote, na nitalisema vizuri, mpaka watucheke na kutupigia makofi.

Natamani ungekuwepo unisikie.

Mwanao,
Kasuku


Mjini, tarehe 28 Machi

Mwenyekiti wangu,

Habari imenifikia kwamba ni wewe uliyeteuliwa. Mungu mkubwa. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Nimerudi kutoka tawini salama. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa kuwa ulisema vizuri mno, kwamba hata waliokaa nyuma walisikia kila neno. Basi. Hilo ndilo nililotaka kusikia.

Jiandae na masomo. Mengine yasikuumize kichwa.

Shangazi yako


Nyumbani, tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole na safari ya tawini. Nimefurahi umerudi salama.

Huku walinipokea kwa nyimbo. Wenzangu wa klabu walinibeba mabegani, na baba alivaa koti lake ingawa jua lilikuwa kali. Alinisimamisha mbele ya watu niwaeleze nilivyoshinda. Niliwaeleza kidogo. Nilisema tulijifunza kuendesha mikutano. Wakataka nirudie yale maneno niliyosema siku ya mwisho, nikawaambia sauti imekauka.

Watu walimuuliza baba kama Shangazi Matroni alinitunza huko. Akasema, "Sana!" Nami nikasema, sana.

Kuhusu yale ya vikombe niliyokuandikia, tuyaache. Lilikuwa zoezi tu.

Sungura mmoja amezaa. Wengine wazima.

Mimi,
Mwanao


Mjini, tarehe 2 Mei

Kasuku,

Nakuandikia kwa kifupi. Barua zako usizitume tena kwa anwani ile, nimehama chumba. Nitumie kwa jina la mgahawa ulio mkabala na kituo cha mabasi, mwenye mgahawa ananipokelea.

Kazi ya chuo nimeiacha. Nimeacha mwenyewe, miguu ilikuwa inaniuma, na umri nao hauombi ruhusa. Mwambie kaka kwamba matroni amestaafu, wameniaga vizuri. Akisema anataka kuja kunitembelea mzuie. Mwambie chumba kipya ni kidogo, mwambie kuna fundi anapaka rangi, mwambie lolote. Wewe mdomo unao.

Nasikia masomo yako yanaanza mwezi ujao. Hilo ndilo linalonifanya niamke.

Shangazi


Nyumbani, tarehe 10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne naandika, tatu nimezichoma jikoni. Nikianza na salamu nitapata pa kujificha, kwa hiyo nasema.

Nilikuona.

Nilikuona na wewe uliniona, halafu ukaniandikia kwamba ulikuwa tawini, na mimi nikakuandikia pole na safari. Pole na safari! Nilipoitia ile barua kwenye sanduku la posta nilitamani mkono wangu ubaki humo humo.

Acha niyaseme yote, maana nikiyaficha tena nitaoza. Nilisimama mbele ya ule ukumbi nikawachekesha. Nilisema, "Chuo hiki kinafundisha kilimo cha alizeti, na mafuta yake tumeyakuta kwenye vikombe." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkufunzi alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nikaona nimewashika, nikaongeza. Nikasema anayeosha vikombe vile lazima anaviosha kwa macho. Hilo hatukulipanga kwenye kikundi, Shangazi. Hilo lilikuwa langu peke yangu.

Ndipo Mama Mkuu wa chuo akasimama kwa hasira, akauliza, "Nani anaosha vikombe?"

Ukatoka nyuma, kule walikokaa wa jikoni. Umevaa ile aproni ya plastiki na mabuti ya mpira, mkono una povu mpaka kwenye kiwiko. Nikafikiri macho yananidanganya. Nikafikiri ni mtu aliyefanana na wewe. Halafu ukasema, "Ni mimi, Mama," na sauti ile naijua tangu sijajua jina langu. Ukasema lile tangi la maji ya moto limeharibika tangu mwaka jana na ulishasema. Mama Mkuu akakukata: "Sijakuuliza tangi." Ukainamisha kichwa mbele ya vijana wenye umri wa kuzaliwa na wewe.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka ulipo. Ningeweza kusema neno moja. Shangazi. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza. Nikanyamaza. Watu wakapiga makofi tena, nikarudi kwenye kiti changu, na huwezi kuamini, mikono yangu nayo ikapiga.

Usiku ule nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako. Nilijiambia, akitambulika hapa, uongo wa umatroni utafichuka, ataaibika kwa ndugu. Nikajisifu moyoni kwamba nimekusitiri. Uongo mtupu. Sababu yangu ilikuwa nyingine. Walikuwa hawajatangaza aliyeteuliwa, na mimi nikaogopa kwamba nikijulikana mimi ni mtoto wa muosha vyombo, hawatanitaja. Ndiyo hivyo. Niliuza jina lako kwa kiti cha darasani.

Sasa nimeelewa kwa nini hukutaka tupigiane simu, ukasema barua ndiyo ina heshima. Kwenye simu tungesikia vyombo.

Na usiniambie umeacha kazi kwa miguu. Walikufukuza. Umefukuzwa kwa mzaha wangu. Nimemwandikia Mama Mkuu kwamba kosa ni la tangi na si lako, na kwamba wewe ni shangazi yangu. Hajajibu. Nikirudisha ile nafasi je, watakurudisha kazini? Niambie tu neno moja, nitairudisha leo. Hata kuivaa siwezi, naiona kama nguo ya wizi.

Sijui nijiite nani hapa chini. Kasuku ni jina la mtu aliyekuwa na haki ya kusema.


Mgahawani, tarehe 21 Mei

Kasuku. Jina lako ni Kasuku na litabaki Kasuku,

Rudisha hiyo nafasi uone! Nitakuja huko kwa miguu hii hii inayoniuma nikuchape mbele ya sungura wako. Unadhani nimeinamisha kichwa pale ili wewe urudi kusafisha banda? Barua yako kwa Mama Mkuu imeshapata majibu, mlinzi kaniletea kwa mdomo: nafasi yangu ina mtu. Mtu mwenyewe bado anaosha kwa maji baridi. Kwa hiyo hilo limekwisha, maji yakimwagika hayazoleki.

Tuongee sasa mambo ya aibu, na tuanze na yangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nani alikutuma uwe na shangazi matroni? Ni mimi. Nilipokuja mjini niliambiwa kuna kazi bwenini. Nilipofika wakanipeleka jikoni, wakasema ni kwa muda. Nikaandika nyumbani kwamba nimepata kazi bwenini, nikisema mwezi ujao itakuwa kweli. Kaka akaniita matroni kwenye barua yake. Nikaliona jina limeandikwa, likanipendeza. Sikulikanusha. Kila mwaka likawa zito zaidi kulitua. Mwezi ule mlipokuja niliomba likizo wakaninyima, nikawa najibanza nyuma ya masufuria kila mnapopanga foleni. Nilikuwa nikiisikia sauti yako dirishani, naacha maji yanamwagika nikusikilize. Siku ile ya mwisho walitulazimisha wote kuja ukumbini.

Hilo la kwanza. La pili, unajitesa bure kwamba hukuniita. Mimi ndiye niliyekukataza! Hukuniona? Nilipoinua uso tukatazamana, nilikutikisia kichwa: nyamaza, usithubutu. Ukanitii, kama unavyonitii siku zote. Kama ungeniita ningekana mbele yao. Kwa hiyo kosa la ukimya ule ni langu, wewe hulimo. Futa machozi, jikaze kisabuni, na hilo nakwambia mimi ninayeijua sabuni.

Ule mzaha wa alizeti, kusema kweli, ulikuwa mzuri. Hata mpishi alicheka.

Kazi ninayo, usihofu. Ni hapa hapa mgahawani, nyuma kabisa, kwenye karo. Maji yao ni ya moto.

Ukija masomoni usipite huku ukiwa na wenzako. Tutaonana Jumapili, pembeni.

Shangazi yako


Nyumbani, tarehe 29 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma mpaka nimeikariri. Imejaa upendo, na ndani yake kuna uongo mmoja, na huo siupokei.

Hukutikisa kichwa. Nilikuwa nakutazama, na picha ile sitaipoteza. Ulipoinua uso ukaniona, ulimsahau Mama Mkuu, ukasahau povu, ukasahau na maneno niliyokuwa nimetoka kuyasema juu yako. Ulitabasamu. Ulianza hata kuinua mkono, kama unavyoniinulia ukishuka kwenye basi ukiniona nakimbia. Mkono ulikuwa umefika kifuani. Mimi ndiye niliyegeuka nikatazama ubao. Ubao ule haukuwa umeandikwa kitu. Nilipogeuka tena, mkono ulikuwa umeshauficha nyuma ya aproni.

Ulikuwa unakuja kunisalimia mbele ya wote, umatroni ukaishie huko huko. Usiniibie hilo kwa kunionea huruma. Aibu hiyo ni yangu, niachie niibebe mwenyewe.

Nimemwambia baba. Nilimweleza yote, ya jikoni na ya ukumbini, sikujipunguzia. Nilidhani atakutukana wewe au atanipiga mimi. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwita matroni. Yeye hakusema." Akalivua lile koti akalitundika, na tangu siku hiyo hajasimamisha mtu njiani. Anasema tutakuja pamoja, anibebee begi. Ana haya ya kukutana na wewe, ameniuliza aanze kusema nini. Nami sijui, nimemwambia aanze na salamu.

Klabuni nimewaambia pia. Walikuwa wanataka niwafundishe yale ya uongozi. Nikawafundisha hilo kwanza, nimesimama bandani, na sauti ilitetemeka kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema mbele ya watu. Hakuna aliyepiga makofi. Naibu wangu aliniuliza, "Sasa wewe ukamwacha hivyo hivyo?" Nikamjibu ndiyo.

Jumatatu naanza masomo, kama ulivyoniamuru. Bwana shamba anasema tunaotoka mbali tutashukia kituo cha mabasi, na gari la chuo litatufuata hapo. Watakuwepo wenzangu wengi, na yule mkufunzi ndiye atakayetupokea. Tutakuwa na njaa, nitawaongoza wote tuingie mgahawa ulio mkabala. Ya Jumapili pembeni siyataki.

Usitoke kunipokea. Usifute mikono, usivue aproni. Nitakuita kutoka mlangoni, kabla sijakaa, kwa sauti ile ya juu ya ndoo. Uliniambia niseme na wale wa nyuma kabisa, na wa nyuma kabisa ni wewe. Ukitaka kunikana mbele yao, nikane. Nitakuwa nimeshaita.

Mtoto wa kaka yako,
Kasuku